Thumuni ya Mjane: Nambari na Jamaa Zake Katika Shamba la Chai



Chai tunayoinywa hapa pwani imesafiri safari ndefu kabla ya kufika kikombeni. Majani yake huchumwa katika vilima vya Kericho na Bomet, husindikwa viwandani huko huko, kisha huteremshwa mpaka Mombasa, mji ambao mnada wa chai ulihamishiwa kutoka Nairobi mwaka 1969. Leo nawaomba tuipande njia hiyo kinyume, tutoke Mombasa mpaka Kiptere, katika kaunti ya Kericho, tulitazame shamba moja dogo la chai. Shamba lenyewe ni la mfano, wala halina mwenyewe anayejulikana. Ila yatakayotokea humo hutokea kila mwaka katika familia zetu, za bara na za pwani. Mwenye shamba amefariki, na mirathi yataka kugawanywa.

Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, mama mzazi na baba mzazi. Hakuacha mtoto wa kiume. Shamba lake lina urefu wa futi 594 na upana wa futi 176. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Kwa hiyo shamba hili ni ekari 2.4 barabara. Huko watu huipima ardhi kwa ekari na kwa "pointi", na pointi moja ni sehemu moja ya kumi ya ekari. Wenyeji wangesema basi kwamba marehemu ameacha ekari mbili na pointi nne.

Ndani ya shamba hili dogo zimo nambari za kila namna ambazo wanahesabu wamezijua kwa karne nyingi. Tukizifuata moja baada ya moja tutaona jinsi zinavyohusiana, na tutaona pia kwa nini mwanamke asiyezijua huweza kupunjwa haki yake mchana kweupe, tena na watu wanaomchekea.

Tuanze na nambari za kuhesabia: moja, mbili, tatu, na kuendelea bila kikomo. Hizi ndizo nambari za vidole na za tasbihi. Karibu kila umma unazo. Mkipsigis wa Kiptere akifika kumi husema "taman". Sisi Waswahili hesabu yetu imechanganya damu mbili: moja, mbili, tatu, nne na tano ni za Kibantu, ilhali sita, saba na tisa zimetoka katika Kiarabu, nazo zimekaa pamoja kama watoto wa baba mmoja. Kwa nambari hizi twahesabu warithi, nao ni watano. Twahesabu pia mashina ya chai: yakipandwa kwa nafasi ya futi nne kwa futi mbili na nusu, kila shina hukaa katika futi 10 za mraba, na ekari moja hubeba mashina 4,356.

Nambari za kuhesabia zina uwezo mkubwa, lakini zina mpaka. Ukijumlisha mbili kati yake utapata nambari ya jamaa hiyo hiyo, na ukizidisha ni vivyo hivyo. Ukitoa, mambo hubadilika. Tuseme majani ya mwisho ya marehemu yamelipa shilingi 18,000, na mkopo wa mbolea aliouchukua ni shilingi 25,000. Toa 25,000 katika 18,000. Nambari za kuhesabia hazina jawabu. Hata deni lingekuwa 18,000 sawasawa na malipo, bado zingenyamaza, kwani sifuri haimo miongoni mwake.

Hapa ndipo jamaa ya kwanza ilipolazimika kupanuka. Mwanachuoni wa Bara Hindi aitwaye Brahmagupta, katika kitabu alichokiandika mwaka 628, aliweka kanuni za sifuri na za nambari zilizo chini yake, na mfano alioutumia ni wa mali na deni. Mali ni nambari chanya, deni ni nambari hasi, na vikilingana jawabu ni sifuri. Neno letu "sifuri" limetokana na Kiarabu "sifr", maana yake kitu kitupu, na Wazungu nao walilichukua neno hilo hilo. Nambari za kuhesabia, pamoja na sifuri na zile hasi, kwa jumla huitwa nambari kamili. Sasa jawabu lipo: 7,000 hasi. Marehemu ameondoka akidaiwa.

Nambari hasi si mchezo wa darasani. Sharia yetu imeweka deni na wasia mbele ya mafungu ya warithi, kama ilivyobainishwa katika Surat an-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Asiyeelewa nambari hasi huanza kugawanya kabla hajalipa, akawapa warithi kisichokuwa chao. Katika mfano wetu, ng'ombe wa marehemu aliuzwa kwa shilingi 34,000, deni lililobaki la 7,000 likalipwa, zikabaki shilingi 27,000. Tuseme gharama za mazishi zimekwisha kutolewa na wasia hakuacha. Sasa ndipo mgawanyo uanze.

Lakini kwa nambari gani? Nambari kamili nazo hufika pahala zikasimama. Huwezi kugawanya 1 kwa 8 ukapata nambari kamili. Na Mwenyezi Mungu ameyaweka mafungu ya mirathi kwa sehemu, si kwa hesabu ya vidole: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Haya ndiyo mafungu sita yaliyotajwa, na mwanamke wa Kiswahili aliyesoma chuoni huyajua majina yake kabla hajajua kuyaandika. Nambari yoyote inayoweza kuandikwa kama nambari kamili moja juu ya nyingine, maadamu ya chini si sifuri, huitwa nambari ya uwiano. Nambari kamili zote zimo humo, kwani 3 ni sawa na 3 juu ya 1. Jamaa imepanuka mara ya pili, na hakuna mtu wa zamani aliyefukuzwa nyumbani.

Haja ya kuyagawa mafungu haya kwa uadilifu ilikuza elimu ya hesabu duniani. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliandika kitabu cha al-jabr, ambacho jina lake ndilo asili ya neno "aljebra". Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu masuala ya wasia na mirathi.

Turudi Kiptere. Mke ana thumuni, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Mabinti wawili wana thuluthi mbili baina yao. Mama ana sudusi, na baba ana sudusi. Tutafute nambari inayogawanyika kwa nane, kwa tatu na kwa sita: ndogo kabisa ni 24. Thumuni ya 24 ni 3. Thuluthi mbili ni 16. Sudusi ni 4, na sudusi ya pili ni 4. Jumlisha sasa: 3 na 16 ni 19, na 4 ni 23, na 4 ni 27. Mafungu ni 27, na kitu chenyewe ni 24!

Msomaji asishtuke. Suala hili ni mashuhuri, na wanavyuoni huliita al-Minbariyya, kwa sababu imepokewa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari huko Kufa, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui. Kabla yake, katika zama za Sayyidna Umar, lilitokea suala la mume na dada wawili, nusu na thuluthi mbili, ambazo jumla yake hupita kitu kizima. Akashauriana na Masahaba, wakaona kila mwenye fungu apunguziwe kwa kadiri ya fungu lake. Mlango huu huitwa 'awl. Badala ya kugawa kwa 24 tunagawa kwa 27. Mke ana 3 katika 27, nayo ni tusui. Kila binti ana 8. Mama ana 4 na baba ana 4. Hakuna aliyeachwa, na hasara imeenea kwa wote kwa uwiano mmoja.

Zile shilingi 27,000 zagawanyika bila taabu: mke 3,000, kila binti 8,000, mama 4,000, baba 4,000. Hapa sehemu zimezaa nambari kamili. Taabu imo katika shamba.

Tusui ya ekari 2.4 ni kiasi gani? Ukiigawa kwa desimali utapata 0.2666, na sita hizo haziishi mpaka Siku ya Kiyama. Desimali ni njia ya kuandika sehemu kwa makumi. Al-Uqlidisi wa Damascus aliitumia mwaka 952, na al-Kashi wa Samarkand akaipanga vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1427. Ni njia nyepesi, ila ina tabia yake: nambari ya uwiano ikiandikwa kwa desimali, ama hukoma, kama nusu ambayo ni 0.5, ama hujirudia milele, kama thuluthi ambayo ni 0.333. Kujirudia huko si kasoro ya nambari, bali ni kasoro ya kipimo tulichokichagua. Ukiipima tusui ile ile kwa futi za mraba badala ya ekari, jawabu lake ni 11,616 kamili, bila mkia wowote.

Basi hutokea nini wazee wakikaa chini ya mti kugawa kwa pointi? Mmoja atasema: "Mjane apewe pointi mbili, huo mkia tuuache, ni kitu kidogo." Tuupime huo mkia. Pointi mbili ni futi za mraba 8,712. Haki ya mjane ni 11,616. Kilichokatwa ni futi za mraba 2,904, nayo ni robo kamili ya haki yake, yaani mashina ya chai yapatayo 290. Kila binti, ambaye haki yake ni ekari 0.711, akipewa pointi saba hupoteza sehemu moja tu katika 64 ya haki yake. Kisu ni kimoja, lakini mwenye fungu dogo ndiye anayekatwa nyama, na mwenye fungu kubwa hukatwa ukucha. Na wakikatwa wote watano hivyo hivyo, pointi zilizogawanywa zitakuwa 22 katika 24. Zile mbili zilizobaki zitakuwa za nani? Aghalabu huwa za mwenye sauti kubwa.

Dawa ni kubaki katika sehemu mpaka mwisho, na kupima kwa kipimo kinachokubaliana nazo. Urefu wa shamba ni futi 594, nazo ni 27 mara 22. Basi kila fungu lichukue futi 22 za urefu: mke futi 66, kila binti futi 176, mama futi 88, baba futi 88. Zijumlishe, zitatimia 594. Kamba moja na vigingi vichache vimeifanya kazi iliyowashinda wenye pointi.

Kumebaki jamaa moja ya nambari. Kipande cha binti ni futi 176 kwa 176, mraba kamili. Tuseme mama wa marehemu akaambiwa kwamba kuna uwanda wenye ukubwa ule ule wa fungu lake, yaani futi za mraba 15,488, naye akataka ukatwe uwe mraba kama wa wajukuu zake. Upande mmoja utakuwa futi ngapi? Utakuwa 88 mara kipeuo cha pili cha 2, kiasi cha futi 124.45. Nasema "kiasi", kwa sababu hapana sehemu yoyote iwezayo kulitaja jawabu hilo kwa ukamilifu.

Ushahidi wake ni mfupi. Tuchukulie kwamba kipeuo cha pili cha 2 ni sehemu, nayo imerahisishwa mpaka nambari ya juu na ya chini hazina kigawo cha pamoja. Nambari ya juu ikizidishwa kwa yenyewe itakuwa mara mbili ya ile ya chini iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo ya juu ni shufwa. Ikiwa ya juu ni shufwa, ikizidishwa kwa yenyewe hugawanyika kwa 4, na hapo ya chini nayo hulazimika kuwa shufwa. Lakini shufwa mbili zina kigawo cha pamoja, nacho ni 2, na tulikwisha sema hazina. Maneno yamejipinga, basi sehemu hiyo haipo. Desimali zake haziishi wala hazijirudii.

Wanahesabu wa Kiarabu waliziita nambari hizi "asamm", yaani kiziwi, kwa kuwa hazijibu ukiziita kwa jina la sehemu. Abu Kamil wa Misri, aliyekuja baada ya al-Khwarizmi, hakuzikwepa. Alizijumlisha na kuzizidisha kama nambari nyinginezo. Leo huitwa nambari zisizo za uwiano. Zikiungana na zile za uwiano, zote kwa pamoja huitwa nambari halisi, na hizo hutosha kupima urefu wa kila kamba.

Sasa tuutazame ukoo mzima. Fikiri mtaa wa mji wetu wa kale. Nambari za kuhesabia ni chumba cha ndani. Nambari kamili ni nyumba iliyokizunguka chumba hicho. Nambari za uwiano ni ua ulioizunguka nyumba. Nambari halisi ni mtaa mzima. Aliye chumbani yumo nyumbani, yumo uani, yumo mtaani. Lakini si kila wa mtaani ana ruhusa ya kuingia chumbani. Nambari 8 imo kila mahali. Ile 7,000 hasi imo nyumbani, ila haimo chumbani. Thumuni imo uani, ila haimo nyumbani. Kipeuo cha pili cha 2 kinakaa mtaani, nje ya ua. Na kila mlango ulifunguliwa kwa sababu ya swali lililokuwa halina jawabu ndani: deni likafungua wa kwanza, mgawanyo ukafungua wa pili, kipimo cha ardhi kikafungua wa tatu.

Hata hivyo, anayedhani hizo za nje ya ua ni chache amekosea. Mwaka 1874 Georg Cantor wa Ujerumani alithibitisha kwamba nambari halisi haziwezi kupangwa foleni zikahesabiwa moja, mbili, tatu, ilhali za uwiano zote zawezekana kupangwa hivyo. Tunazoweza kuzitaja kwa sehemu ni kama nyota tunazoziona, na giza lililo baina yake ni pana zaidi.

Dada zangu, kuna kauli inayosikika majumbani kwamba hesabu si ya wanawake. Historia yetu yaikanusha. Baghdad alikuwako Amatul-Wahid, maarufu kwa jina la Sutayta, binti wa Kadhi al-Mahamili. Alikuwa mjuzi wa fiqhi ya Shafii, ambayo ndiyo yetu hapa pwani, na alisifika kwa elimu ya mirathi na hesabu. Alifariki mwaka 377 Hijria, yaani 987 Miladia. Ikiwa mwanamke aliweza kuyapiga mahesabu ya mirathi miaka elfu iliyopita, binti yako aliye darasa la saba hana udhuru, nawe uliyemlea huna.

Basi mfundisheni mambo machache. Ajue kutofautisha mali na deni, na kwamba deni hulipwa kwanza. Ajue mafungu sita kwa majina na kwa maandishi. Ajue kutafuta nambari inayoyakusanya mafungu yote. Na asikubali mkia ukatwe kabla ya mgawanyo kumalizika. Kama ni lazima kukadiria, kukadiria kuwe mwisho, na kilichosalia kijulikane ni cha nani. Mirathi ikiwa na utata, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 170, imetambua mahakama za Kadhi kwa masuala ya mirathi baina ya Waislamu walioridhia kuamuliwa huko. Kadhalika, kuligawa shamba la kilimo vipande kunataka idhini ya bodi ya ardhi. Warithi wakiona vipande vitakuwa vidogo mno, waweza kulibakisha shamba zima na kuyagawa malipo ya majani kwa mafungu 27 yale yale, mwezi kwa mwezi, na yaandikwe.

Nambari hazina upendeleo, wala hazimjui mkubwa na mdogo. Anayependelea ni mtu anayechagua wapi pa kukata. Mjane wa mfano wetu hakuhitaji huruma ya mtu, alihitaji awepo mmoja katika kikao, akiwa yeye mwenyewe au binti yake, aseme kwa adabu: "Wazee wangu, tusui ya ekari 2.4 si pointi mbili. Naomba tupime tena kwa futi."

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kumpa kila mwenye haki haki yake, kubwa na ndogo. Wallahu a'lam.